Kebo ya Spidi na Masikio ya Baba

Chelangat wangu,

Sitakuuliza kama hujambo, maana nimekuona sasa hivi ukitoka langoni na sukari ya kumpelekea kogo, bibi yako. Ukishaingia kwa mama yangu hutoki haraka: atakulisha, atakuombea, atakulisha tena. Kwa hivyo nina muda wa kutosha kabla ya ng'ombe kukamuliwa, na meza ya sebuleni ni yangu peke yangu. Mama yako ananipita akienda jikoni na kurudi, anajifanya haoni kwamba naandika.

Mambo ya blanketi, sabuni na sanduku sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima na atayasema tena kesho alfajiri ukiwa umeshavaa viatu. Mimi nataka kukuandikia juu ya pikapu. Najua unacheka. Lakini mwezi huu wote tumekuwa tukizungumza juu ya ile pikapu huku tukiwa na jambo lingine moyoni, na kesho unaondoka kwenda chuo cha ualimu kule Meru kabla sijalitamka. Jambo lenyewe ni hili: masikio yangu yanaziba, wewe ulijua kabla mimi sijakubali, na ulitaka kuacha chuo kwa sababu yangu.

Wacha nianze mbali kidogo. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi mshale wa spidi ulipokufa, mwaka ule wa kura ya vyama vingi. Kisa hiki umekisikia mara nyingi, lakini kila nikikisimulia huwa namruka mtu mmoja, yaani yule mjinga aliyekisababisha. Kebo ilipoanza kulia nyuma ya dashibodi, kila mtu aliniambia inataka grisi. Grisi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale yale tunayopaka chuchu za ng'ombe. Nikajiambia, kama yanamridhisha ng'ombe mwenye mateke, waya utakataa nini? Nikaichomoa kebo, nikaipaka kutoka mwisho huu hadi mwisho ule kwa ukarimu mkubwa, nikairudisha. Mchana huo ilizunguka kimya kabisa, hata nikamwita mama yako aje ashuhudie fundi aliyemwoa.

Lakini unazijua asubuhi za huku Konoin. Kufika alfajiri, yale mafuta yalikuwa yameganda ndani ya kebo kama supu ya mbuzi iliyoachwa kwenye sufuria. Niliwasha gari kupeleka maziwa Mogogosiek, mshale ukatetemeka, ukaruka hadi mwisho wa namba, ukarudi, na hata sijafika darajani kebo ikakatika. Mafuta mengine yalikuwa yamepanda mpaka ndani ya mita na kuchafua kioo. Hilo ndilo kosa langu, na nakuhakikishia kwamba hakuna fundi wa mjini ambaye angeliweza kulifanya. Linataka mtu aliye na ng'ombe.

Ningenunua kebo nyingine mambo yangeishia hapo. Badala yake niligeuza aibu kuwa sifa. Nilianza kuwaambia watu kwamba mimi sihitaji mshale, mimi naendesha kwa masikio. Na ilikuwa kweli. Nilijua injini ikitaka gia ya tatu kabla yenyewe haijajua. Nikiwa na magunia ya majani chai nyuma nilisikia tofauti ya mlima na tambarare, na kwenye ule mteremko wa daraja nilijua kwa mlio wa magurudumu kama nimezidisha. Wakiniuliza kanisani mbona naendesha gari la kale namna hiyo bila kujua spidi, nilijigusa sikio na kutabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu sasa, natamani kulipiga kofi.

Masikio yale yalifundishwa kiwandani. Miaka yote niliyofanya kazi pale nilikuwa chumba cha mashine za kukata majani, na kazi yangu hasa ilikuwa kusikiliza. Meno ya mashine yakianza kuwa butu sauti hubadilika kidogo sana, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuisikia. Wenzangu walijaza pamba masikioni. Pamba ilikuwepo mezani, hakuna aliyeninyima. Mimi niliikataa kwa sababu nilipenda kuwa yule mtu anayesikia. Msimamizi alikuwa akiniita kutoka upande wa pili wa chumba nije nisikilize tu, na nilitembea kifua mbele. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, na niliilipa nikiwa nafurahi.

Nilipoanza kutosikia sikumwambia mtu. Nilijifunza kutingisha kichwa. Mtu akisema kitu na kuningoja nijibu, natingisha kichwa, naye anaridhika. Utashangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi muda mrefu kwa kutingisha kichwa. Unakumbuka nilivyokuwa mwenyekiti wa kamati ya josho? Nyote mlidhani nilitaka cheo. Chelangat, sikujua hata kikao kinazungumzia nini. Nilidhani wanauliza kama tumemaliza, nikakubali kwa nguvu, watu wakapiga makofi, na nilipofika nyumbani mama yako akanipongeza. Mpaka leo nahesabu ng'ombe wa watu wanaoruka kwenye dawa na sijapata mlango wa kutokea.

Hayo ya josho ni ya kuchekesha. Ya pikapu hayakuwa ya kuchekesha. Ulipomaliza kidato cha nne ukaanza kupanda nami asubuhi na maziwa, jioni na majani, nilidhani unapenda kutembea. Siku moja tukishuka kwenda darajani ukaniinamia sikioni, tena bila kunitazama, ukaniambia, "Baba, weka ya tatu. Hii gari inalia." Nilikuwa nimeendesha kwa gia ya pili tangu shamba la jirani yetu Mama Kemunto, injini ikipiga mayowe, watu wakisimama kando ya barabara kutazama, na mimi sikuwa na habari. Niliweka ya tatu. Nikakuambia nilikuwa najaribu injini. Ukasema sawa.

Baada ya hapo ukaacha hata kusema. Ulikuwa unagonga dashibodi kwa vidole, kama mtu anayefuata wimbo kichwani, na mimi nabadilisha gia. Ukigonga tena, napunguza mwendo. Wewe ulijifanya unacheza, mimi nikajifanya naamua mwenyewe. Tuliendesha hivyo miezi, watu wawili na masikio mawili, yote mawili yako. Nilifurahia sana zile safari. Nilikuwa naona aibu na nafurahi kwa wakati mmoja, na sikujua kama mtu anaruhusiwa kuwa hivyo.

Halafu ikaja barua ya chuo. Tulichinja kuku, jirani zetu wakaja, mchungaji akaomba kwa muda mrefu. Siku zilizofuata nikaona hufui nguo wala huulizi habari za safari, nikadhani ni woga wa ugeni. Mama yako ndiye aliyenifungua macho. Alinifuata zizini, akasimama mbele yangu nimwone mdomo, kwa maana yeye naye alikuwa amejua siku nyingi, akasema, "Mtoto anakataa kwenda. Anauliza ni nani atakuambia gia."

Nilikasirika. Unajua hasira zangu, zina kelele nyingi na hazina safari. Nilisema pikapu itauzwa. Nilisema sijazaa mtoto ili awe honi yangu. Nilisema nimeendesha gari hilo kabla hujajua kutambaa, na mengine ambayo hata ng'ombe waliyachoka. Lakini usiku huo, kwa kweli, hasira haikuwa kwako. Niliona miaka yako ikipita kwenye kile kiti cha kando, maziwa asubuhi, majani jioni, mpaka mimi nizeeke na wewe uwe umezeeka nami. Niliogopa sana, mwanangu. Na jambo lililoniogopesha zaidi ni kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilitaka ubaki.

Siku ya soko ulienda Kericho na kurudi na kitu kilichofungwa ndani ya gazeti. Ukakiweka juu ya boneti nilipokuwa naosha gari. Nikafungua nikakuta kebo mpya imekunjwa duara. Nikakuuliza ni ya nini, nami najua vizuri ni ya nini. Ukaja karibu, upande wa sikio langu zuri kidogo, ukasema, "Hii haitaki masikio, Baba. Inataka macho tu."

Hapo ndipo tulipoacha kujifanya. Nilitaka kusema kitu cha maana kama mzazi, nikajikuta natafuta spana.

Najua ulikuwepo wakati tunaifunga ile kebo, lakini wewe ulikuwa juu na mimi nilikuwa chini, kwa hivyo wacha nikupe habari za chini. Kwanza, nilipoifungua nati kwenye giaboksi, oili yote ya miaka iliingia kwenye mkono wa shati langu la kanisa, ambalo mama yako alikuwa amenikataza kulivaa. Pili, nilikuwa naona viatu vyako tu kupitia uwazi wa mlango, na nilijua unasema kitu kwa sababu kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka. Ulikuwa na mkono nyuma ya dashibodi, ule mkono wako mwembamba ulioingia mahali wangu ungekwama, ukiniambia nivute au nisukume, na mimi nasikia mvumo mtupu. Ndipo ukaanza kuivuta kebo yenyewe. Ukivuta, nasukuma. Ukilegeza, navuta. Tukaipitisha kwenye ile raba ya tundu kati ya injini na dashibodi bila neno hata moja. Nililala pale chini kwenye matope nikiishika kebo, na machozi yakanitoka, yakaingia kwenye yale masikio yasiyo na kazi. Nilipotoka nikakuambia ni oili.

Tena nilitaka kuharibu. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye mkebe wa mafuta ya kukamulia, nikakuta umeuhamisha. Ukanipa grisi kidogo kwenye kipande cha gazeti, ukaniambia nipake sehemu ya chini tu, ile ya juu niiache kavu ili isipande kwenye mita. Nilipaka. Lakini njia ya kuipitisha nilikataa kufundishwa. Uliniambia izunguke kwa mbali, mimi nikaipitisha mkato, karibu na bomba la moshi, ikakunjika pale. Ukaniacha. Tukajaribu, mshale ukacheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Nikaitoa tena yote, nikaipitisha kwa njia yako, wala hukusema, "Si nilikuambia?" Ningekuwa mimi, ningesema mpaka Krismasi.

Tulipoiachilia pikapu iteremke yenyewe kutoka zizini kwenda langoni, injini imezimwa, nilitazama lile duara la mita ambalo ulikuwa umelisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa. Mshale ulisita, ukaamka, ukapanda polepole. Nilikutazama na wewe ulikuwa umejifunika mdomo kwa mkono. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokupenda kuliko zote, na siku zako ni nyingi.

Mita inahesabu kwa maili na mimi nilishasahau maili. Ukaleta rangi yako ya kucha, ile nyekundu niliyokuwa nimeipiga marufuku, ukaweka nukta tatu juu ya kioo: hapa gia ya pili, hapa ya tatu, hapa ya nne. Nilikuuliza wazee wa kanisa watasema nini wakiona gari la mzee limepakwa rangi ya kucha. Ukasema waambie ni dawa. Basi nimewaambia ni dawa.

Lakini ulikuwa umeweka sharti, nami nilijua hutani. Utaenda Meru ukiniona nimeenda Mogogosiek na maziwa peke yangu na kurudi. Asubuhi ya kwanza nilikosa. Sasa nakuambia jinsi ilivyokuwa. Nilitoka langoni nikikupungia kwa madaha, macho yangu yote kwenye mshale. Ukafika nukta ya kwanza, nikabadilisha. Ukakaribia ya pili, nikausubiri kwa hamu kubwa, nikisema njoo, njoo. Niliuona ukifika vizuri kabisa, na wakati huo huo pikapu ikaingia kwenye chai ya Mama Kemunto. Alikuwa anachuma mistari michache kutoka pale niliposimama. Alikuja na kikapu mgongoni, akainama dirishani, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Baba Chelangat, barabara iko huku nje." Kisha akawaita wenzake wakanisukuma, na walicheka wote, na maziwa hayakumwagika.

Niliporudi nilitaka kukuambia kila kitu kimekuwa sawa. Ulizunguka mbele ya gari, ukachomoa majani mawili na chipukizi kwenye bampa, ukayatia kwenye kikapu. Ukasema hata bampa imechuma leo. Nilicheka sana, na nilipoingia ndani nikaona umeanza kutoa nguo kwenye sanduku na kuzirudisha kwenye kabati. Kicheko kikaniishia.

Kesho yake niliondoka kabla hujaamka. Nilimwomba mama yako anisaidie kupakia maziwa bila kelele, na hilo lenyewe nikalisema kwa kelele kwa sababu sijui tena sauti yangu ina ukubwa gani. Nikaendesha nikitazama barabara. Mshale niliutupia jicho tu, kama unavyomtazama mtoto anayecheza karibu nawe, kujua yuko. Mteremko wa daraja niliushuka kwa mwendo wa mtu mwenye akili. Mogogosiek walipokea maziwa, nikageuza, nikarudi. Ulikuwa umesimama langoni na shuka begani. Ulitazama bampa kwanza.

Jioni nikaenda na majani. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikaona kabati iko wazi na haina nguo, nikaenda kusimama nyuma ya zizi kwa muda. Nilikuwa nimekushinda, Chelangat, na ushindi ulikuwa mchungu kama dawa ya minyoo. Usinihurumie kwa hilo. Nilitaka uende na nimefaulu.

Sasa neno moja la kwenda nalo, halafu nikakamue. Kule chuoni kutakuwa na siku ambazo hutaelewa kitu na wenzako wote watakuwa wanakubali. Usikubali kwa kichwa. Sema hujasikia. Aibu yake ni ya dakika moja, na mimi najua aibu ya miaka ina uzito gani. Na ukishakuwa mwalimu, katika darasa lako atakuwepo mtoto mmoja nyuma kabisa, mpole, anayetingisha kichwa kwa kila unalosema. Walimu watamsifu kwamba ana adabu. Wewe mlete mbele, bila kumtangaza, kama ulivyonigongea dashibodi.

Nakupenda. Kwetu hatusemi hivyo, tunamwekea mtu maziwa, na utayakuta mezani ukirudi kutoka kwa kogo. Lakini nimeona niliandike pia, maana nimechelewa kwa mambo mengi na hili sitaki kulichelewesha.

Barua hii naitia ndani ya kiatu chako cha safari, ili uione kabla ya kuvaa. Kesho nitakupeleka mpaka Kericho mimi mwenyewe, nitakushusha penye basi la Nakuru, na nitarudi peke yangu. Utapanda, utakaa dirishani, na najua wewe, utataka kuniita. Usiniite. Pale kuna kelele nyingi na mimi sitasikia, nitakuwa nimegeuka tayari nikienda kwa gari, na utadhani nimekataa kugeuka. Ngoja kwanza nifike kwenye pikapu na nikutazame. Hapo inua mkono, uuweke juu, usiushushe haraka. Nitauona mpaka basi lipotee kwenye kona.

Baba yako